Kusoma Sayansi za Biolojia na Sayansi za Tiba Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), pamoja na wazazi na walezi wao, huuliza maswali yaleyale kuhusu shahada za biolojia na sayansi za tiba. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi vyuo vya Tanzania. Mahali ambapo utaratibu wa nchi nyingine una umuhimu kwa Mtanzania anayetaka kuvuka mpaka, umetajwa.

Sayansi za biolojia na sayansi za tiba zinatofautianaje?

Sayansi za biolojia huchunguza uhai kwa upana wake: mimea, wanyama, vijidudu, jeni, samaki wa bahari na ziwa, na wanyamapori wa mbugani. Sayansi za tiba hujikita katika mwili wa binadamu na maradhi yake, kwa maana ya kuchunguza damu, vimelea, kinga na kemia ya mwili, si kwa maana ya kumtibu mgonjwa kitandani. Mipaka kati ya makundi haya mawili si ukuta, kwa kuwa mwanafunzi wa biolojia ya molekuli na mwanafunzi wa maabara ya tiba wanaweza kujifunza mbinu zilezile za kuzidisha DNA na kutumia mashine zinazofanana. Wanachotofautiana ni kile ambacho sheria inawaruhusu kufanya baada ya kuhitimu, na hilo ndilo jambo ambalo mwombaji anapaswa kulielewa kabla hajaandika jina la programu kwenye fomu.

Kwa nini suala la usajili na leseni linasisitizwa kiasi hicho?

Kwa sababu linaamua kazi. Mhitimu wa shahada ya sayansi ya maabara ya tiba husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na usajili huo ndio unaompa mamlaka ya kupima sampuli ya mgonjwa na kutia saini majibu yanayorudi kwa daktari. Mhitimu wa mikrobiolojia au biolojia ya molekuli anaweza kuwa hodari kuliko yeye katika kuchambua jeni za bakteria, lakini hodari huyo hawezi kuajiriwa hospitalini kama mteknolojia wa maabara, kwa kuwa programu aliyosoma haikuandaliwa kwa ajili ya taaluma inayosimamiwa na baraza hilo. Kwa upande mwingine, milango ya utafiti, viwanda, kilimo, uvuvi na hifadhi za wanyamapori iko wazi zaidi kwake kuliko kwa mwenzake.

Familia nyingi hugundua tofauti hii mwanafunzi akiwa mwaka wa tatu, wakati wa kubadilisha ukiwa umekwisha kupita. Jina la programu likiwa na neno «bioteknolojia» au «mikrobiolojia» huwafanya watu wadhani kwamba hospitali ndiyo mwisho wa safari. Kabla ya kuthibitisha udahili, iulize idara yenyewe swali moja la moja kwa moja: je, wahitimu wa programu hii husajiliwa na baraza lolote la kitaaluma, na kama ndiyo, ni lipi?

Nimekosa nafasi ya udaktari. Je, nichukue biolojia kama njia ya kuzungukia?

Hapana, ikiwa hiyo ndiyo sababu pekee. Hakuna utaratibu wa kuhamia mwaka wa tatu wa udaktari kwa sababu tayari una shahada ya biolojia. Anayetaka kuwa daktari baadaye hulazimika kuomba upya, kushindana kwa sifa zilizotajwa kwenye mwongozo wa udahili, kisha kuanza mwaka wa kwanza wa masomo ya miaka mitano yanayofuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali. Akijumlisha miaka mitatu aliyotumia kusoma biolojia, anakuwa na takribani miaka tisa mkononi kabla hajaanza kulipwa kama daktari kamili.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalisikii. Magonjwa mengi tunayoyaogopa yanajulikana kwa sababu ya watu waliokaa maabara. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kutokana na mlipuko uliotokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Virusi vya Zika vilitengwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1947. Mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 ulithibitishwa na sampuli zilizopimwa katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, si kwa daktari kumtazama mgonjwa na kukisia, maana homa, kutapika na kutokwa na damu vinaweza kuwa dalili za magonjwa mengi. Mwenye hamu ya kujua kinachosababisha ugonjwa, kuliko hamu ya kukaa na mgonjwa, hajapata zawadi ya pili anaposoma sayansi hizi. Asiye na hamu hiyo atachoka mapema, na ni afadhali aangalie uuguzi, famasia au radiografia.

Tahasusi na alama gani zinahitajika?

Katika hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa shahada za biolojia za kawaida, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusiana na programu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Hapo PCB na CBG zote hukubalika, na baadhi ya programu hupokea pia CBA na CBN, ambazo badala ya Jiografia zina Kilimo au Lishe. Shahada za afya zina sharti zito zaidi: kwa kawaida hudai Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja, jumla isiyopungua pointi 6, na alama maalumu katika Kemia na Biolojia. Ndiyo maana mwanafunzi wa CBG, hata akipata A zote, kwa kawaida hawezi kuingia maabara ya tiba, kwa kuwa hakusoma Fizikia kidato cha tano na sita.

Kiwango cha chini hakimaanishi nafasi. Ni ruhusa ya kuomba tu, na katika vyuo vinavyokimbiliwa waombaji wenye alama za juu humaliza nafasi kabla ya foleni kufika chini. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo mmoja wa TCU, hivyo inashauriwa kuomba vyuo kadhaa, na anayechaguliwa na zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kabla muda haujaisha.

Nina stashahada ya maabara. Ninaweza kuendelea?

Ndiyo, ukiwa na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi unaotajwa kwa programu husika. Wenye stashahada mara nyingi huwazidi wenzao kwa mikono katika mwaka wa kwanza, kisha hupata tabu katika baiokemia, ambayo huwakuta wamekaa miaka mingi bila kugusa kemia ya kaboni. Likizo kabla ya kuanza chuo itumike hapo.

Ni vyuo gani vinafundisha masomo haya?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara za botania, zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, pamoja na biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Chuo hicho pia ndicho chenye Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo inamfaa anayependa matumbawe, mwani na samaki kuliko damu na mkojo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ndicho kinachofahamika zaidi kwa maabara ya tiba, pamoja na vyuo vya afya vya KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina programu za biolojia.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, husahauliwa na wanaofikiria tiba peke yake, na hilo ni kosa. Kina bioteknolojia na sayansi za maabara, kina tiba ya mifugo, na kimekuwa makao ya mradi wa APOPO unaowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Magonjwa mengi mapya ya binadamu huanzia kwa wanyama, kwa hiyo anayetaka kuelewa kimeta, kichaa cha mbwa au homa ya Bonde la Ufa atakuta walimu wake wengi wako Morogoro.

Kwa shahada za juu, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, huchukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu.

Mwaka wa kwanza husomwa nini, na mafunzo ya vitendo yakoje?

Mwaka wa kwanza ni wa misingi: biolojia ya seli, kemia, jenetiki, takwimu, na kwa wale wa afya anatomia na fiziolojia. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza. Vyuo vingi hutoa asilimia 40 ya alama kwa kazi za muhula na asilimia 60 kwa mtihani wa mwisho, na anayeshindwa hufanya mtihani wa marudio, maarufu kwa jina la sapu.

Vitendo ndivyo vinavyomtenga anayeweza na anayekariri. Chukua somo la vimelea. Mwanafunzi hutengeneza slaidi ya malaria yenye matone mawili ya damu, moja zito na jingine lililotandazwa jembamba kwa ukingo wa slaidi nyingine. Tone jembamba huimarishwa kwa methanoli. Tone zito haliguswi na methanoli, kwa sababu seli nyekundu zinatakiwa zipasuke zikikutana na maji ya rangi ili vimelea vibaki wazi. Anayeinamisha slaidi vibaya huiacha methanoli itiririke hadi kwenye tone zito, na hapo slaidi imekwisha. Baada ya kukauka hutiwa rangi ya Giemsa, ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 au ya asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, iliyochanganywa na maji yenye pH ya 7.2, kwa kuwa maji yenye asidi hufifisha rangi ya vimelea. Kisha huja mafuta, lenzi ya 100, na kuhesabu: vimelea vinavyoonekana wakati umehesabu seli nyeupe 200, vikizidishwa kwa makadirio ya seli nyeupe 8,000 katika kila mikrolita ya damu. Ukihesabu vimelea 120, jibu ni vimelea 4,800 kwa mikrolita. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, unatakiwa uwe umepitia angalau maeneo 100 ya kuonea.

Maelezo hayo husomwa kwa dakika tano. Kuyafanya kwa slaidi ishirini mfululizo, mgongo ukiuma na jirani akisubiri hadubini, ndiko kusoma sayansi ya maabara.

Je, ni lazima kupasua wanyama?

Katika zuolojia na fiziolojia, ndiyo, kwa kiasi. Waliosoma Biolojia kidato cha sita wamekwisha kukutana na panya, chura au mende, na chuoni utaratibu unafanana, ila ufafanuzi ni wa ndani zaidi. Katika botania na biolojia ya molekuli jambo hili ni dogo sana.

Mimi ni dhaifu katika hesabu. Nitaweza?

Hesabu za kidato cha sita hazihitajiki kila siku, ila takwimu haikwepeki. Mwanafunzi asiyejua kueleza kwa nini sampuli 12 hazitoshi, au kwa nini wastani peke yake unaweza kudanganya, ataandika ripoti ambazo hazina maana hata kama slaidi zake ni safi. Isitoshe, sehemu kubwa ya biolojia ya leo hufanyika kwenye kompyuta: mfuatano wa jeni za kirusi ni faili lenye maelfu ya herufi, na mtu huusoma kwa programu, si kwa macho. Anayeanza kujifunza R au Python, yaani lugha za kuandikia programu za kompyuta, katika mwaka wa kwanza, hata kwa saa chache kwa wiki, atakuwa na sifa ambayo wahitimu wengi wa biolojia nchini hawana. Kwa maoni yangu, ukilazimika kuchagua ujuzi mmoja wa kuongeza nje ya ratiba, chagua huu.

Mafunzo ya vitendo kazini nifanyie wapi?

Shahada nyingi humtaka mwanafunzi aende kazini kwa wiki kadhaa wakati wa likizo ndefu, jambo linaloitwa PT na wanafunzi wenyewe. Chuo hutoa barua. Nafasi hutafutwa na mwanafunzi. Wengi huenda hospitali ya mkoa iliyo karibu na nyumbani kwa sababu ya nauli na malazi, na kwa wale wa maabara ya tiba hilo linafaa. Kwa wa biolojia, wiki nane za kuosha vyombo na kubandika lebo ni hasara. Omba mapema, miezi mitatu au minne kabla, kwenye Taasisi ya Afya Ifakara inayochunguza mbu na malaria, kwenye vituo vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kwenye Wakala ya Maabara ya Veterinari, au kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni. Barua ya mwanafunzi anayeeleza anachotaka kujifunza hujibiwa mara nyingi zaidi kuliko ile inayosema tu «naomba nafasi ya mafunzo».

Je, mradi wa mwaka wa mwisho unahitaji kibali?

Ukigusa binadamu, sampuli zake au taarifa zake za hospitali, unahitaji kibali cha maadili kabla hujachukua hata tone moja. Miradi ya wanafunzi hupitishwa na kamati ya chuo, na tafiti kubwa hupitia NIMR; majaribio ya dawa husimamiwa pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Utafiti wa wanyamapori una taasisi yake, TAWIRI. Kibali huchukua muda kuliko wanafunzi wanavyotarajia, na anayewasilisha andiko muhula wa mwisho ukiwa umeanza hujikuta akipunguza sampuli au kubadilisha mada. Andiko fupi lenye swali moja linalojibika hupita haraka.

Ada na mikopo ikoje?

Maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa njia ya mtandao, na mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi baada ya kuajiriwa. Waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita wanaweza kufikiriwa kwa ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Katika bajeti usisahau vitu ambavyo barua ya udahili huvitaja kwa mstari mmoja: koti la maabara, bima ya afya, na gharama za PT.

Baada ya kuhitimu kuna kazi gani?

Wa maabara ya tiba humaliza utarajali, husajiliwa, kisha huomba ajira serikalini kupitia matangazo ya kada za afya, au katika hospitali za mashirika ya dini na za binafsi. Ushindani upo, ila cheo kinajulikana na kila hospitali inakihitaji.

Wa biolojia hana cheo kimoja kinachomsubiri, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Viwanda vya bia, maziwa na maji huhitaji wanamikrobiolojia wa kudhibiti ubora. Shirika la Viwango, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu vina maabara. Kilimo kinawahitaji mno: ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo ulielezwa kisayansi huko Amani, Tanga, mwaka 1936, na hadi leo unaharibu mihogo shambani, mkulima akiona majani mabichi juu ardhini ilhali mizizi chini imeoza. Kazi ya kutafuta mbegu inayostahimili virusi hivyo ni ya mtu wa biolojia ya molekuli akishirikiana na bwana shamba. Wengine husoma stashahada ya uzamili ya elimu na kuwa walimu wa sayansi, kazi ambayo shule zetu zinaihitaji.

Ukweli mmoja usifichwe: kazi nyingi za utafiti ni za mkataba unaofuata fedha za mradi, mwaka mmoja au miwili, kisha unatafuta upya. Anayehitaji mshahara usiotetereka tangu mwezi wa kwanza aelekee kwenye leseni.

GPA ina uzito gani?

Katika kipimo cha pointi 5, daraja la kwanza huanzia 4.4, na la pili la juu huanzia 3.5. Mwenye ndoto ya kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anatazamwa kuanzia 3.8. Kwa viwandani, kuzidi 3.5 hakubadilishi mengi. Wanauliza unajua kutumia mashine gani.

Na kusoma nje ya nchi?

Uzamili wa Ulaya una ufadhili unaojulikana, kama DAAD wa Ujerumani, Erasmus Mundus na ule wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza. Marekani, shahada ya uzamivu katika sayansi za tiba huweza kuanzwa moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi hulipa ada pamoja na posho. Anayekwenda kusoma shahada ya kwanza awe mwangalifu kwa sababu ileile ya leseni: nchini Uingereza, shahada ya sayansi ya tiba isiyotambuliwa na Institute of Biomedical Science humlazimu mhitimu kusoma masomo ya ziada kabla ya kusajiliwa kufanya kazi maabara ya hospitali, na nchini Kenya usajili uko chini ya bodi ya wateknolojia wa maabara, ambayo orodha ya programu inazozikubali inafaa kuangaliwa kwanza. Ukirudi nyumbani, shahada yako hutambuliwa na TCU kabla baraza halijaipokea.

Je, kazi ya maabara ni hatari?

Hatari ipo na inadhibitiwa. Chanja homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza vitendo vya damu, usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyokwisha kutumika, usile wala kunywa maabara, na ukichomwa toa taarifa papo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

Nikigundua nimekosea programu, ninaweza kuhama?

Inawezekana katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, kama una sifa za programu unayoitaka na nafasi imebaki, na uhamisho huo hufikishwa TCU. Kutoka maabara ya tiba kwenda biolojia huwa rahisi. Kutoka biolojia kwenda maabara ya tiba huwa vigumu, na kwa aliyesoma CBG kwa kawaida haiwezekani.